Dodoso Lisilobisha Hodi

Nina ugomvi na karatasi, ndugu washarika, na naomba mnivumilie niueleze. Si karatasi zote. Neno la Mungu nalo lilipanda milima hii juu ya karatasi. Ugomvi wangu ni na zile kurasa zilizopigwa chapa ambazo hufika Gare kila barabara ikikauka, zimebebwa na vijana wenye adabu waliotumwa kutuuliza jinsi tunavyoishi. Tumeulizwa kuhusu vyoo, lishe ya watoto, mimba za wanafunzi, pombe, ndoa, na siku hizi kuhusu afya ya akili. Kila swali linakuja na majibu yake matano yaliyokwisha kupikwa: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Mama mzee ameshika jembe, kikapu cha maharage kiko chini, mvua inanyemelea kutoka Magamba, naye anatakiwa aamue kama "anakubali sana" au "anakubali" tu kwamba katika wiki mbili zilizopita amejiona hana thamani.

Atajibu nini? Atajibu lile analodhani litamridhisha mgeni, kwa sababu kwetu mgeni hapewi jibu la kumvunja moyo. Kijana ataweka alama ya vema, atashukuru, atashuka. Alama itahesabiwa mjini, itageuka asilimia, asilimia itageuka ripoti, na baada ya mwaka mmoja ripoti itarudi huku ikiwa semina. Semina hiyo itafanyika wapi? Kanisani, kwa sababu kanisa ndilo lenye mabenchi. Hapo ndipo ugomvi wangu na karatasi unapokuwa jambo la usharika.

Hoja yangu ni hii, na naisema wazi ili atakayenipinga ajue pa kupiga. Elimu ya jamii na elimu ya nafsi tunazozitumia kanisani, katika mafundisho ya ndoa, katika kuwahudumia waliofiwa na wenye huzuni, katika miradi ya diakonia, hazitatufaa mpaka zianzie kwenye maneno ambayo watu wa hapa huyatumia kuitaja taabu yao. Nasema zianzie. Kuzitafsiri tu hakutoshi.

Chukueni maneno tunayoyasikia kila siku, "ushauri nasaha". Yalienea sana nchini pamoja na huduma za watu wenye virusi vya UKIMWI, na sasa yako katika kila mtaala. Ushauri ni shauri unalompa mtu. Nasaha, neno lililotoka Kiarabu, nayo ni shauri jema unalompa mtu. Yaani kazi hii tumeiita shauri mara mbili. Kisha tunaingia darasani, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba mshauri hatoi shauri! Anasikiliza, anarudia maneno ya mteja kwa upole, anamwacha mteja aione njia yake mwenyewe. Mafundisho haya yana baba yake, Carl Rogers, Mmarekani aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo yenye masharti makali, akasoma theolojia kwa muda kabla ya kuhamia saikolojia. Alikuwa na jambo la kweli la kuwaambia watu wake, waliokuwa wamechoka kuamriwa na wataalamu. Simdharau. Lakini mtu aliyetembea saa mbili kupanda hadi kwa mchungaji, amekuja na mjomba wake, na ameanza kwa kusema, "Baba Mchungaji, nimekuja unishauri," ukimrudishia maneno yake kama mwangwi wa bondeni ataondoka akiamini umekataa kumsaidia. Au vibaya zaidi, ataamini umeona jambo baya na unamficha.

Na huyo mjomba? Kitabu kinasema atoke nje. Nitarudi kwake baadaye, maana si kila mjomba ni baraka.

Wasomi wetu wana jibu la haraka. "Mchungaji, sayansi haina kabila. Malaria ni malaria, iwe Lushoto au London." Ni kweli, mdudu wa malaria haulizi lugha ya mtu. Lakini huzuni haikai ndani ya damu ikisubiri darubini. Ili nijue kwamba mtu ana huzuni sharti aniambie, na akiniambia atatumia maneno aliyorithi. Mmoja atasema mawazo yamemzidi. Mwingine moyo unamwenda mbio, mwingine kichwa kinawaka moto, mwingine mwili umekufa ganzi na shamba halimwiti tena. Njoo na orodha iliyotungwa kwingine na utauliza yote isipokuwa hayo.

Wataalamu wetu wenyewe wanalijua hili. Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walitengeneza kipimo cha maswali 19 cha kumtambua mwenye sonona, wakizingatia namna wagonjwa wa hapa nchini wanavyoieleza taabu yao, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Tangu mwaka 2006 akina bibi waliofunzwa huketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao juu ya kufikiri huko. Matokeo yalipopimwa na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida kubwa la madaktari wa Marekani, walioketi kwenye benchi walikuwa wamepata nafuu kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Benchi na bibi. Gare tunavyo vyote viwili.

Hata hivyo, walioifikisha hoja hii mbali zaidi, kwa ninavyojua, ni Wafilipino. Visiwa vyao vilitawaliwa na Hispania kwa zaidi ya miaka 300, kisha Marekani kuanzia mwaka 1898 hadi uhuru wa mwaka 1946, na shule zao zikafundisha kwa Kiingereza. Mtu mmoja wao, Virgilio Enriquez, alikwenda kusomea saikolojia Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1971, akarudi nyumbani. Angeweza kukaa akipima Wafilipino kwa vipimo alivyokuja navyo, na angepandishwa cheo kwa kazi hiyo. Badala yake alianza kufundisha saikolojia kwa Kifilipino na kuuliza swali ambalo halikuwa katika vitabu vyake: watu wetu, wanapomtaja mtu, wanasema nini? Mwaka 1975 yeye na wenzake walifanya mkutano wa kitaifa wa kwanza wa saikolojia ya Kifilipino na kuunda chama chake. Alifariki mwaka 1994, na shule aliyoianzisha ingali hai.

Neno alilolishika kwa nguvu kuliko yote ni kapwa. Kwa Kiingereza hutafsiriwa kuwa "wengine". Enriquez alisema tafsiri hiyo inaliua neno, kwa sababu "wengine" huanza pale "mimi" ninapoishia, ilhali ndani ya kapwa mimi mwenyewe nimo. Niliposoma maelezo hayo nilifikiria neno letu "mwenzangu". Litazameni. Haliishi vizuri peke yake (isipokuwa wakati wa uchaguzi, kwa mgombea mwenza). Lazima liseme mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Limefungwa na mtu kama shina na mzizi. Mama akimkuta mama mwingine kisimani analia, atamwambia "pole, mwenzangu," na hapo amekwisha kuingia ndani ya kile kilio. Sasa mletee mama huyo kijitabu cha semina kinachomwambia "jifunze kuweka mipaka kati yako na watu wengine" na umwombe akijaze. Atakijaza. Nimekwisha kusema, kwetu mgeni hapewi jibu la kumvunja moyo.

Au chukueni hiya, neno lao la kuona haya. (Haya na hiya: kufanana huko ni bahati tu, letu limetoka Kiarabu.) Wataalamu wa kigeni waliliandika kuwa ni aibu, udhaifu wa watu wasiothubutu kusema. Wafilipino wakajibu: mmesoma shina la neno mkaacha viambishi vyake. Neno hilo hubadilika kila linapovikwa kiambishi, na mengine kati ya mavazi hayo ni ya heshima. Nani asiyeelewa hilo kati yetu tunaozungumza Kiswahili? Kuona haya si kuaibika, kuaibika si kuaibisha. Na tuna soni, ambayo si ile Soni ya maporomoko ya maji, ingawa kila mgeni hucheka akiambiwa maana yake. Mtu mwenye soni kwetu ni mtu aliyelelewa. Asiye na soni ndiye wa kuogopwa. Dodoso linapouliza "Je, huwa unaona aibu?" na binti aliyelelewa vizuri akajibu "nakubali sana", mezani mjini anahesabiwa mgonjwa.

Kuna jambo la tatu la Wafilipino ambalo ningependa kila msimamizi wa mradi alisikie. Walieleza ngazi 8 za ukaribu kati ya anayeuliza na anayeulizwa, kutoka kutendeana adabu kama wageni mpaka kuwa kitu kimoja, na wakaweka kanuni kwamba mtafiti asiyefikia ngazi ya kuaminiana asitarajie kupata ukweli. Sisi hatuna orodha iliyoandikwa, lakini ngazi tunazo. Unabisha hodi na kungoja. Unasalimiwa uani. Unakaribishwa barazani, kisha ndani sebuleni. Siku moja, baada ya msiba au harusi, au baada ya kusaidia kubeba mgonjwa, mama mwenye nyumba anakuambia upite jikoni, ukae kwenye kigoda karibu na moto, nawe unamenya ndizi huku yeye akizungumza bila kukutazama. Mambo ya nyumba ile yanasemwa hapo. Mtu ambaye hajafika jikoni anaandikaje ripoti ya nyumba?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya lugha tu, mchungaji amekosa mada ya kuandika. Basi twende Mlalo.

Mlalo ni usharika mama kwa wengi wetu. Wamisionari wa Kilutheri walianza kazi huko mwaka 1891. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza waliokuwa wakitawala waliingiwa na hofu kwamba udongo wa Usambara unakwisha. Hofu hiyo haikuwa ya uongo, kama anavyojua yeyote aliyeona rangi ya maji ya vijito vyetu wakati wa masika. Walianza mradi katika bonde la Mlalo, kisha wakaupanua milimani: mashamba ya miteremko yachimbwe matuta, na asiyechimba aadhibiwe. Kazi ya kuchimba iliangukia zaidi wanawake, ambao ndio wenye jembe. Watu walikataa. Walikataa kwa maneno, walikataa kwa miguu, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na kabla ya uhuru mradi ulikuwa umeachwa. Wataalamu wa wakati ule walieleza kushindwa huko kwa njia rahisi: Wasambaa ni wakaidi, hawapendi maendeleo.

Mmarekani Steven Feierman, mwanahistoria aliyekuja kukaa na wazee wetu miaka ya 1960, aliliangalia jambo hilo tena katika kitabu chake cha mwaka 1990. Alionyesha kwamba wakulima wale walikuwa na fikra zao, zilizopangika, na kwamba wenye kuzibeba fikra hizo walikuwa wakulima wenyewe. Matuta yaligusa swali ambalo mpima udongo hakuwa nalo kwenye karatasi yake: shamba hili ni la nani, na aliyeazimwa atabaki nalo? Maskini wengi waliishi kwa mashamba ya kuazima. Ardhi ikishageuzwa kwa kazi ya kudumu, mazungumzo ya kuazima hubadilika. Mjane aliyeachia jembe chini hakuwa amekosa elimu. Alikuwa amekokotoa hesabu ambayo afisa hakuijua kuwa ipo.

Tena watu hawakuizungumza habari hiyo kwa maneno ya afisa. Walikuwa na maneno yao, kuzifya shi na kubana shi. Kwa Kiswahili tungesema kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Vijana wanaosoma kitabu hiki huenda mkawa hamjayasikia, kwa hiyo nitayakalia kidogo. Nchi inapona mvua ikinyesha kwa wakati wake, watoto wakizaliwa, watu wakipatana, na mamlaka ikitulia mahali pamoja. Nchi inaharibika wenye nguvu wanaposhindana, jambo ambalo wazee waliliita nguvu kwa nguvu. Hayo hayakuwa maneno matupu. Alipofariki mfalme Kimweri ye Nyumbai katika karne ya 19, Wakilindi walipigana wao kwa wao kwa bunduki zilizopanda kutoka pwani, na watu wakauzwa utumwani. Wazee walikuwa na fundisho linaloeleza kwa nini ugomvi wa wakubwa huishia kwenye chungu kitupu cha maskini. Siombi mtu yeyote aamini kwamba mvua humsikiliza chifu. Naomba mkiri kwamba hilo ni fundisho la jamii, lenye sababu na matokeo, na kwamba lilikuwepo hapa kabla dodoso la kwanza halijapigwa chapa.

Liliwahi hata kuandikwa. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karani kwa mtawala Semboja kule Mazinde, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, historia ya ufalme wetu tangu Mbegha, na sehemu zake zikaanza kuchapishwa Magila mwishoni mwa karne ya 19. Wageni walikuja kuandika juu ya Usambara baadaye, wakiwa na kitabu hicho mkononi. Ni wangapi kati ya wahitimu wetu wa shahada za maendeleo ya jamii wamekifungua?

Najua pia upinzani unaotoka upande wa pili, kwa wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa. Wanasema: tuliachana na mambo hayo tulipobatizwa, ukianza na kuzifya shi utaishia kwenye tambiko. Wapendwa, fungueni Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 7, msome Mungu anamwahidi Sulemani kufanya nini watu wake wakijinyenyekesha. Anaahidi kuiponya nchi. Mzee wa Kisambaa akisomewa mahali hapo haulizi maana yake. Anauliza tu ni nani aponyaye, na hapo ndipo Injili inapoanza kazi: si mfalme wa Vuga, si mganga, si mradi, bali Bwana, na njia yake ni toba. Tumewanyima watu wetu mlango huo kwa kuogopa kwamba nyuma yake kuna giza, kisha tukawaletea kijitabu kuhusu "ustahimilivu wa jamii" ambacho hakimgusi mtu yeyote.

Wala Luther hangetuunga mkono katika woga huo. Mwaka 1530 aliandika barua ya kujitetea juu ya tafsiri yake ya Biblia, akieleza kwamba mtafsiri asiulize herufi za Kilatini jinsi ya kusema Kijerumani. Amwulize mama nyumbani, watoto njiani, mtu wa kawaida sokoni. Tunaiheshimu kanuni hiyo katika Maandiko na kuisahau tukifika kwenye semina. Ni ajabu kwamba Mlutheri akihubiriwa husikia lugha yake, na akifarijiwa husikia lugha ya mfadhili.

Lakini sitaki kueleweka kwamba kila kilicho chetu ni kizuri. Kanisa letu Tanzania limekwisha kuona hatari hiyo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Uchaggani kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1902, aliwachunguza Wachagga kwa upendo na kwa makini kuliko mgeni yeyote wa wakati wake, akataka usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Alikuwa sahihi kwamba Injili haikuti watu waliotawanyika kama mchanga. Ila wakosoaji wake walisema aliwapenda Wachagga wa jana kuliko wa siku ile, akawaogopea shule, mji na kahawa. Enriquez angelisema hivi: yako maarifa yanayoenyejishwa kutoka nje, na yako yanayochipuka kutoka ndani. Mgeni mwema anaweza kuokota maneno yetu na kuyapanga kabatini. Anayeyatumia, anayeyageuza na kuyagombania sharti awe sisi. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuja nchini mwaka 1952 kufundisha katika shule ya kanisa letu na kuolewa na mchungaji wa Kilutheri, alilijua hilo. Mradi wake wa utafiti wa Bagamoyo katika miaka ya 1970, ulioitwa Jipemoyo, ulitaka wanakijiji wawe watafiti pamoja na wasomi. Hata hilo, tuseme kweli, lilihitaji mgeni wa kulianzisha.

Sasa narudi kwa mjomba. Binti anaharibiwa na mtu wa ukoo. Wazee wanakaa, wanakula, wanatoza mbuzi, wanasema jambo limekwisha, soni ya familia imefunikwa. Mpenda mila atasema ndivyo wazee walivyopatanisha. Mwenye kijitabu atasema usiri wa mteja na haki za mtoto, naye yuko sahihi, na polisi wajue, na mjomba huyo atoke nje ya chumba haraka. Lakini kwa nini niende mbali kutafuta neno la kuwahukumia wazee hao, wakati wanalo wao wenyewe? Wanaibana nchi. Mwambie mzee kwamba amekiuka haki za mtoto na atakutazama kama anavyomtazama afisa wa mradi. Mwambie mbele ya wenzake, kwa lugha aliyofunzwa na babu yake, kwamba mbuzi yule ameiharibu nchi, na uone kama atakutazama usoni. Nathani alifanya hivyo kwa Daudi. Hakumletea mfalme makala ya sheria. Alimletea habari ya tajiri na mwanakondoo wa maskini, jambo ambalo mtu aliyechunga kondoo tangu utoto hawezi kulisikia na kubaki baridi.

Na kama mnataka mfano wa wataalamu, mfikirieni Ayubu. Rafiki zake watatu walifika, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno, na katika siku hizo hawakukosea hata kidogo. Balaa lilianza walipofungua vinywa na kila mmoja akatoa nadharia yake iliyokwisha kuandaliwa kabla hajaondoka kwao. Mungu alikasirishwa na nadharia zile. Kule kuketi hakukukemea.

Nimesikia pia hoja ya mwisho, ile ya fedha: haya yote ni mazuri, Mchungaji, lakini mfadhili ana fomu yake, na bila fomu hakuna mradi. Basi mfadhili apewe fomu yake. Ninachoomba ni kwamba kabla kijitabu chochote hakijafundishwa ndani ya kanisa, kisomwe kwa sauti mbele ya akina mama watatu wa Umoja wa Wanawake ambao hawakulipwa posho ya kukisikiliza. Wakicheka mahali pasipo na kichekesho, kirudishwe. Na kila usharika uwe na daftari lake, liandikwe na wale wanaokwenda kwenye nyumba za wagonjwa na waliofiwa, si majina ya watu wala siri zao, bali maneno: mtu aliyezidiwa alisemaje, aliyepata nafuu alisemaje, bibi aliyeketi naye alimjibuje. Chuo cha theolojia kitakachotaka kufundisha ushauri wa kichungaji kwa Kiswahili kitakuja kuliomba daftari hilo. Lushoto tuna wanafunzi wa elimu ya juu milimani hapa, na chini yetu kidogo, Lutindi, dayosisi ina hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Wauguzi wa huko wamesikia maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote.

Katika mtaa mmoja daftari limekwisha kununuliwa. Ni lile la shule, la mistari, na linawekwa kabatini pamoja na kitabu cha sadaka. Ukurasa wa kwanza una maneno kumi na moja. Saba ni ya Kishambaa, na kwa mawili kati ya hayo akina mama bado wanabishana.